Kishona nguo kwenye nyanya: uchambuzi wa kisa cha kikundi kilichotengeneza dawa ya ukungu kwa magugu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika kata moja ya milimani kaskazini mwa Tanzania. Nimeondoa jina la kata, la kikundi na la kila aliyehusika, na maelezo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha bila kugusa mpangilio wa mambo. Nilikuwa mshauri wa kilimo wa kikundi hicho kwa misimu mitatu, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyesimama pembeni. Baadhi ya maamuzi yaliyoshindwa niliyakubali mwenyewe. Nakiandika kwa sababu vikundi vingi sasa vinasikia kwamba magugu yana viambato vyenye faida, jambo ambalo ni kweli, kisha vinaanza kazi bila kuuliza maswali ambayo sisi pia hatukuyauliza.

Usuli

Wakulima wa kata hiyo hulima nyanya kwenye matuta ya ngazi, na kwa wengi wao nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bima ya afya, ndiyo bati la nyumba. Maradhi ya majani wanayajua kwa majina mawili. Bakajani tangulia huanza kwenye majani ya chini kwa madoa ya kahawia yenye mizunguko ndani ya mizunguko, nayo hupanda polepole. Bakajani chelewa huja pamoja na baridi na mvua. Majani huwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, shina hugeuka jeusi, na hali ya hewa ikiipendelea inaweza kuangusha shamba zima katika wiki moja au mbili. Dhidi ya yote mawili wakulima hupuliza mankozebu, dawa ya dukani ya ukungu wa mimea, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na katika masika wengine hupuliza kila baada ya siku nne.

Mankozebu ilikuwa ikila sehemu kubwa ya mapato yao, na wapulizaji wengi walifanya kazi bila glavu wala barakoa. Hofu yao juu ya afya haikuwa ya kudharauliwa: mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha idhini ya mankozebu, na madhara yake kwa uzazi na kwa mfumo wa homoni yalikuwa miongoni mwa sababu. Mama mmoja wa kikundi aliniambia kwamba mumewe akirudi kutoka kupuliza, watoto hawaruhusiwi kumkaribia mpaka aoge. Nilimsikiliza, na bado sikuwa na kitu cha bei nafuu cha kumpa badala yake.

Kwenye matuta hayohayo kulikuwa na kishona nguo, ambacho sehemu nyingine huitwa mbwembwe, na kwa wanasayansi ni Bidens pilosa. Asili yake ni bara la Amerika. Kimeorodheshwa kuwa gugu katika mazao 31 na katika nchi zaidi ya 40, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, zile mbegu nyeusi zenye miba zinazong'ang'ania sketi na suruali. Katika kila palizi wanawake waling'oa mirundo mikubwa na kuitupa kingoni mwa shamba. Baadhi yao walichuma majani machanga na kuyachanganya na mboga nyingine, hasa mboga zinapoadimika.

Alikuwepo pia bibi mmoja, mwanachama mkubwa kuliko wote kwa umri, aliyekijua kishona nguo kama dawa ya kidonda. Alitwanga majani mabichi, akayapaka penye jeraha, akaliacha wazi. Utaratibu wake huo nitaurudia, kwa maana ulibeba jibu ambalo sisi tulilitafuta kwa misimu miwili.

Uamuzi wa kwanza: kuchemsha na kupuliza

Mambo yalianza na ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu. Msemaji alieleza kuwa watafiti wamegundua kishona nguo kina antioksidanti kwa wingi na viambato vinavyoua fangasi. Sentensi hiyo haikuwa ya uongo. Majani ya kishona nguo yana flavonoidi na asidi za kundi la asidi ya klorojeni, ambazo ni antioksidanti, yaani huzuia oksidisho, uharibifu unaoletwa na oksijeni, na yana poliasetileni, jamii ya viambato ambavyo maabara mbalimbali zimeviona vikizuia kuvu (fangasi) na bakteria. Ila ujumbe haukusema ni sehemu gani ya mmea, imekamuliwa kwa kitu gani, dhidi ya kuvu yupi, na kwa kiasi gani.

Kikundi kilikaa kikao na kunialika. Mwenyekiti aliniuliza, "Bwana shamba, hili tunalong'oa na kulitupa ndilo dawa yenyewe. Kuna ubaya gani tukijaribu?" Nilijibu kwamba sioni ubaya. Sababu zao zilikuwa nzito: malighafi ni ya bure, inapunguza sumu shambani, na palizi ambayo ilikuwa gharama tupu ingezaa kitu. Mimi nilikuwa na sababu ya nne ambayo sikuitamka, nayo ni kwamba nilipenda sana jambo hilo liwe kweli.

Walichemsha majani na mashina kwenye sufuria kubwa, wakayaacha yapoe usiku kucha, wakachuja kwa kitambaa, wakaongeza sabuni kidogo ya kufulia ili dawa ishike majani, kisha wakatia kwenye bomba. Huo ulikuwa mwezi wa Juni. Walipuliza mpaka Agosti, na nyanya zilibaki safi. Wengi walipunguza mankozebu kwa nusu, na wawili waliiacha kabisa.

Mafanikio hayo yaliwapa ujasiri wa hatua ya pili, ambayo sikushirikishwa lakini niliiona kwenye gulio na sikuikemea kwa wakati. Walikausha majani juani, wakasaga, wakafunga unga kwenye vipakiti vyenye karatasi iliyoandikwa kwamba ni dawa ya ukungu wa mazao na pia kinga ya mwili. Kitu kimoja kiliuzwa kwa ajili ya bomba na kwa ajili ya uji.

Masika

Mvua za Machi zilipoanza, mawingu yalishuka mlimani na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Bakajani chelewa iliingia katika wiki ya pili ya Aprili. Wale wawili walioacha mankozebu waliongeza mchemsho, wakapuliza kila baada ya siku mbili, na katika muda wa siku kumi hivi mashamba yao yalikuwa yamekwisha. Waliopunguza kwa nusu walipoteza sehemu kubwa ya mavuno. Jirani ambaye hakuwa mwanachama, aliyeendelea na mankozebu kwa utaratibu wake wa kawaida, alivuna.

Kikao cha Mei kilikuwa kigumu. Mmoja wa waliopoteza alikuwa mjane aliyekopa fedha za mbegu kutoka mfuko wa kikundi. Wapo waliosema dawa haikuchemshwa vizuri, wapo waliosema mvua iliiosha, na wapo waliosema walidanganywa. Bibi yule alingoja mpaka kelele zipungue. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijawahi kuchemsha jani la kidonda. Ninyi mmelipika kama mboga, kisha mkaliita dawa."

Wakati huo nililichukua neno lake kama maneno ya mzee anayelinda desturi.

Uamuzi wa pili: kusimama na kupima

Kikao kilikubaliana mambo matatu. Kwanza, uuzaji wa unga usimame mara moja, na aliyeurudisha arudishiwe fedha. Hapa niliwaeleza jambo ambalo nilipaswa kulieleza mwanzoni: kiuatilifu chochote kinachouzwa nchini, hata kikitokana na mmea, kinahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kudai kwamba chakula kinatibu au kinakinga ni jambo jingine lenye sheria zake. Pili, deni la mjane libebwe na kikundi kizima. Tatu, kabla ya kulitupa wazo, lipimwe kwa njia ambayo mtu asiyelipenda angeikubali.

Tulitenga sehemu ya tuta la mwanachama mmoja na kuigawa vipande vidogo, kila tiba ikirudiwa mara nne mahali tofauti ili rutuba au kivuli visiupendelee upande mmoja. Tiba zilikuwa tano: maji matupu, maji na sabuni, mchemsho na sabuni, kama walivyofanya awali, majani mabichi yaliyotwangwa na kulowekwa kwenye ethanoli, kisha kuzimuliwa kwa maji, na mankozebu kwa kipimo cha kwenye lebo. Mpulizaji hakuambiwa ndani ya bomba mna nini, isipokuwa mankozebu ambayo rangi yake ilijitangaza. Majani yenye madoa yalihesabiwa na mtu mwingine.

Sambamba na hilo, fundi wa maabara katika chuo kimoja alikubali kupima dondoo zetu, yaani vimiminika tulivyokamua kwenye mmea, kwenye visahani vya aga, ute wa kukuzia kuvu. Alitumia kuvu wawili waliotoka kwenye nyanya za kata hiyohiyo: Alternaria, anayeleta bakajani tangulia, na Fusarium, anayeleta mnyauko kupitia mizizi.

Maabara ilionyesha nini

Raundi ya kwanza ilikatisha tamaa. Visahani vilikaa kwenye kabati la joto lililofungwa, kama ilivyo desturi, na kuvu wote wawili walikua juu ya dondoo zetu karibu sawa na walivyokua pasipo dondoo. Nilikuwa nimeanza kuandika ripoti ya kufunga jambo hilo pale fundi aliponiuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: kiambato chenyewe kinahitaji nini ili kifanye kazi?

Jibu limejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 kundi la Neil Towers wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, lilichunguza poliasetileni za mimea ya jamii ya alizeti, jamii ambayo kishona nguo ni mmoja wao. Lilionyesha kwamba baadhi yake, ikiwemo fenilheptatraini ya kishona nguo, huua vijidudu kwa nguvu zaidi zikipigwa na miali ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua. Gizani nguvu hiyo hupungua sana. Tena kiambato hiki hupenda mafuta na ethanoli kuliko maji, na hakivumilii kukaushwa juani kwa siku nyingi, maana mwanga uleule unaokiamsha hukivunja.

Fundi alirudia jaribio, safari hii baadhi ya visahani akiviweka chini ya taa ya urujuanimno kwa saa chache na vingine akivifunika kwa karatasi ya bati. Dondoo ya ethanoli chini ya taa ilimdumaza Fusarium waziwazi. Iliyofunikwa haikumfanya kitu. Taa peke yake, bila dondoo, nayo haikumfanya kitu, na bila kisahani hicho cha kulinganishia tusingejua kama kazi ni ya taa au ya mmea. Alternaria hakutikisika sana kwa vyovyote; seli zake zina rangi nyeusi ya melanini, ambayo hukinga dhidi ya miali, na nadhani hapo ndipo sababu ilipo. Mchemsho wa kikundi haukumzuia kuvu yeyote, gizani wala kwenye mwanga.

Jaribio la antioksidanti lilitoa picha iliyo kinyume. Njia iliyotumika ni ile iliyoelezwa na Blois mwaka 1958: kimiminika cha zambarau kiitwacho DPPH hugeuka manjano kinapopewa elektroni na kizuia oksidisho, na kipimo cha mwanga husoma rangi imepungua kiasi gani. Mchemsho uligeuza rangi karibu papo hapo, kwa sababu flavonoidi nyingi na asidi za klorojeni huyeyuka vizuri katika maji ya moto.

Kwa hiyo sufuria ya kikundi ilikuwa imevuna kweli kiambato chenye faida, ila si kile walichokusudia. Antioksidanti ziliingia kwenye maji, na sehemu inayopambana na kuvu ilibaki kwenye makapi yaliyotupwa. Na bibi, aliyetwanga jani likiwa bichi na kuliacha jeraha wazi, alikuwa akilinda mambo mawili ambayo sisi tuliyaharibu, ubichi wa jani na mwanga. Nilikwenda nyumbani kwake kumwambia hivyo. Alinikaribisha chai na kuniuliza kama mjane amepata mbegu.

Shamba lilionyesha nini

Shambani matokeo hayakuwa na utata kuhusu bakajani chelewa. Mankozebu pekee ndiyo iliyozuia. Dondoo ya ethanoli, mchemsho, sabuni na maji matupu vilikwenda pamoja kuelekea weusi.

Sababu kubwa iko katika jina tunalolitumia. Tunaita kila doa la jani ukungu, na hivyo tunadhani kinachoua kuvu kitaua bakajani chelewa. Kiumbe anayeileta, Phytophthora infestans, ndiye aliyeteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, naye si kuvu wa kweli. Ukuta wa seli zake umejengwa hasa kwa selulosi na glukani, si kwa kitini kama wa kuvu, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Spora zake, yaani mbegu zake ndogo mno, zina mikia na huogelea kwenye utando wa maji juu ya jani. Hata viuakuvu kadhaa vya dukani vinavyofanya kazi vizuri kwa kuvu wa kweli havimfanyi lolote. Tena hushambulia siku za mawingu, siku ambazo miali inayohitajika kuamsha dondoo yetu ni haba. Tulikuwa tumechagua silaha ya jua dhidi ya adui wa mawingu.

Kwa Fusarium, ambaye kwenye kisahani alidumaa, furaha ilikuwa fupi pia. Kuvu huyu huishi ardhini na ndani ya mishipa ya shina, mahali ambapo jua haliingii.

Tulibaki na nafasi moja ya kimantiki: ubwiri unga, ule unga mweupe unaofunika majani ya maboga. Huyu ni kuvu wa kweli, hukaa juu ya uso wa jani, na hustawi hata pasipo mvua. Tulipima kwenye maboga ya wanachama watatu. Dondoo ya ethanoli ilipunguza unga, lakini maji ya sabuni peke yake yalipunguza karibu kiasi kilekile. Sabuni inajulikana kuwa na athari kwa ubwiri unga, na vipande vyetu vilikuwa vichache mno kutenganisha kazi ya mmea na kazi ya sabuni. Ethanoli ya kutosha bomba moja, kwa bei ya dukani, ilizidi gharama ya mankozebu ya bomba hilo, na ilipozimuliwa kidogo kuliko inavyotakiwa iliunguza majani machanga.

Na ile Juni hadi Agosti ya mafanikio? Ilikuwa kiangazi. Kwenye vipande vya maji matupu, kiangazi kilichofuata, nyanya zilibaki safi vilevile.

Matukio mawili ya pembeni yenye uzito

La kwanza ni la bangi mwitu, Tagetes minuta, gugu lenye harufu kali. Kijana mmoja alipendekeza liongezwe, naye alikuwa na hoja: mwaka 1958 watafiti wa Uholanzi, Uhlenbroek na Bijloo, walionyesha kwamba tathienili, kiambato kilichomo kwenye mizizi ya mimea ya Tagetes, huua minyoo midogo inayoshambulia mimea. Kabla hatujapanga jaribio, aliponda mafungu kadhaa kwa mikono mitupu na kuendelea na kazi juani. Jioni ngozi ya mikono ilikuwa nyekundu, na kesho yake ilikuwa na malengelenge. Tathienili nayo huamshwa na mwanga, kama poliasetileni ya kishona nguo, na inapoamshwa juu ya ngozi huiumiza kama inavyowaumiza vijidudu. Alipona baada ya siku kadhaa za matunzo ya kituo cha afya. Tangu siku hiyo glavu na mikono mirefu vilikuwa sharti la kugusa dondoo yoyote, hata ya mmea unaoliwa.

La pili lilizuiwa kabla halijatokea. Mwanachama mmoja alitaka kuchanganya unga wa Ageratum conyzoides, gugu dogo lenye maua ya zambarau hafifu, kwenye mahindi ya ghalani ili kuzuia sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Alikuwa amesikia kwamba mafuta ya gugu hilo humzuia Aspergillus flavus, kuvu anayeitengeneza sumu hiyo, na katika maabara ni kweli. Nilikataa bila kusubiri jaribio. Gugu hilo lina alkaloidi za pirolizidini zinazoharibu ini. Katika Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ugonjwa wa ini ulioanza kuonekana mwaka 2001 na kuua watu ulihusishwa na nafaka zilizochanganyika na gugu hilohilo. Kumkinga mtu na sumukuvu, ambayo nayo huharibu ini, kwa unga wenye sumu ya ini ni kubadilisha mlango wa kifo tu. Sumukuvu si jambo la kuchezea: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya kati ya Tanzania. Kinga yake ya kwanza inajulikana, nayo ni kukausha mahindi mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 13.5 na kuyaweka juu ya chaga, si juu ya udongo.

Matokeo ya mwisho

Kikundi hakitengenezi tena dawa ya bakajani. Kimerudi kwenye mankozebu wakati wa masika, lakini kwa utaratibu tofauti: kununua kwa pamoja, kupuliza kufuatana na hali ya hewa badala ya mazoea, kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kuwa na seti mbili za glavu, miwani na barakoa zinazozunguka kwa zamu. Walipanua nafasi kati ya mimea, wakaanza kuifunga nyanya kwenye miti mapema ili majani yakauke haraka asubuhi, na sasa huondoa majani yaliyougua na kuyafukia. Kiangazi hupuliza mara chache sana. Idadi ya mabomba ya sumu kwa mwaka imepungua, na imepungua kwa sababu ya vipande vya maji matupu vilivyowaonyesha kwamba miezi mingine walikuwa wakipuliza bure.

Kishona nguo kimehamia jikoni. Huchumwa kikiwa kichanga kabla ya maua, huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa kwa ajili ya uchungu, na kuungwa kwa karanga. Hawakiiti dawa. Niliwaomba waweke mipaka miwili. Wasichume penye shamba lililopulizwa, wala kando ya barabara au kwenye jalala, kwa kuwa mmea huu una tabia ya kufyonza kadimi, metali yenye sumu, kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani. Na wasirudi kwenye biashara ya unga wa kinga ya mwili.

Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la Juni, na lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Safu moja isiyopulizwa kitu ingegharimu nyanya chache na ingetuambia, kabla ya masika, kwamba tulikuwa tukiisifu dawa kwa kazi ya jua kali. Mkulima aliyeona shamba safi baada ya kupuliza ana haki ya kuamini macho yake. Kazi ya mshauri ni kumwonyesha shamba la pili, lile ambalo halikuguswa. Mimi sikufanya hivyo kwa sababu nililitamani jibu.

Kosa la pili ni la lugha, na naliona kila mahali. Neno "kina" katika "kishona nguo kina viambato vinavyoua fangasi" linafanya kazi kubwa kuliko uwezo wake. Mmea unakuwa nacho kiambato katika kiungo fulani, kwa kiasi fulani, nacho hutoka kwa kiyeyushi fulani na hufanya kazi katika hali fulani dhidi ya kiumbe fulani. Upungufu wa lolote kati ya hayo ulitosha kuvunja mnyororo wetu, na sisi tulipungukiwa na kiyeyushi, mwanga na kiumbe kwa pamoja. Neno "ukungu" lilituangusha vilevile kwa kufunika viumbe wasio na undugu.

Kuhusu antioksidanti, nadhani hatari ilikuwa kubwa kuliko ya nyanya, ingawa haikuleta msiba. Jaribio la DPPH hupima kemia ndani ya mrija. Halisemi ni kiasi gani kinavuka utumbo, ini linakifanya nini, wala kama mwili unakihitaji. Mfano ninaoutumia kila mara ni utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, uliohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133: waliopewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti iliyosifiwa sana, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Sahani ya mboga za majani ni chakula chema na sina shaka nayo. Kipakiti chenye maandishi ya kinga ya mwili, kinachonunuliwa na mtu anayeacha dawa zake za kisukari, ni jambo jingine kabisa, na kwenye gulio nilimkuta mnunuzi aliyeniambia anafikiria kufanya hivyo. Siku hiyo ndipo nilipopaswa kuusimamisha uuzaji.

Lililofaulu ni uamuzi wa kupima badala ya kulaumiana. Kikundi kilichokwishapoteza fedha kilikubali kutenga ardhi, kupanda vipande vya maji matupu na kuvitazama vikifa. Huo ni ujasiri ambao sijauona katika taasisi nyingi. Kubeba deni la mjane kwa pamoja ndiko kulikowezesha jaribio. Bila hivyo waliopoteza wasingerudi mezani. Fundi wa maabara naye alifanya kilicho bora, alikataa kulichukulia jibu la "hapana" kama jibu kamili kabla ya kujua kiambato kinaishije.

Magugu kuwa chanzo cha viuakuvu si ndoto. Dondoo ya Reynoutria sachalinensis, gugu vamizi huko Ulaya na Amerika Kaskazini, inauzwa Marekani ikiwa imesajiliwa, kwa jina la Regalia, na hutumika dhidi ya ubwiri unga. Lakini namna yake ya kazi inafundisha: kwa sehemu kubwa haimuui kuvu, bali huuamsha ulinzi wa mmea wenyewe, na kwa hiyo hupulizwa kabla ugonjwa haujaingia. Kufika hapo kulihitaji kujua gugu lipi, dhidi ya nani, lini, na kwa kipimo kisichobadilika kutoka chupa hadi chupa. Mchemsho wetu ulibadilika kila sufuria.

Ningekuwa naanza upya, ningeanza na bibi. Tulikuwa na mtu aliyetumia mmea huo miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu, na tulimwuliza jina la mmea tu. Hatukumwuliza unavyotwangwa, unapochumwa, wala kwa nini jeraha halifungwi.

Msimu huu kikundi kina jaribio moja tu, kwenye maboga: maji matupu, sabuni ya viwango viwili, na sabuni pamoja na jani bichi lililotwangwa asubuhi hiyohiyo, kwa vipande vinane kila tiba badala ya vinne. Mjane ndiye anayehesabu majani.